Kadi na mikopo ya simu: Mkazi wa Mwanza awe na mingapi?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KADI ya benki ni kitu cha kawaida katika pochi ya mkazi wa Jiji la Mwanza, lakini nyingi kati ya kadi hizo si za mkopo. Ni kadi za kutolea fedha, ambazo humwezesha mwenye akaunti kutumia kile alichokwisha kukiweka benki, na si zaidi ya hapo.

Kadi ya mkopo ni kitu kingine. Kwa kadi hiyo benki humwekea mteja kiwango maalumu cha fedha ambazo si zake, naye huzitumia kulipia bidhaa, tiketi ya ndege au hoteli. Mwisho wa mwezi hupelekewa hesabu. Akilipa deni lote kabla ya tarehe iliyopangwa, kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi hayo. Akilipa sehemu tu, riba huanza kula.

Benki kadhaa nchini hutoa kadi hizo, aghalabu kwa mtumishi ambaye mshahara wake hupitia katika benki husika, mfanyabiashara mwenye mzunguko wa fedha unaoonekana, au mteja aliye tayari kuweka amana kama dhamana. Kwa sababu hiyo wanaozimiliki kandokando ya Ziwa Victoria ni wachache.

Hata hivyo, ingekuwa makosa kudhani kuwa swali la idadi ya kadi haliwahusu waliobaki. Mkopo wa haraka, usio na dhamana, ambao Mmarekani huupata kwa kadi, mkazi wa Igoma, Buzuruga au Kirumba huupata kwa simu ya mkononi. Huduma ya Songesha ya M-Pesa, kwa mfano, humkamilishia mteja malipo pale salio lake linapopungua, kisha hujilipa pindi fedha nyingine zinapoingia. Kampuni nyingine za simu nazo zina mikopo yake.

Mwenye laini tatu za simu, kila moja ikiwa na huduma ya kukopa, ana kadi tatu za mkopo hata kama hajawahi kushika plastiki yake. Ukiongeza mkopo wa kikundi, SACCOS, deni la wakala na programu tumizi moja au mbili katika simu janja, mchuuzi mdogo wa Mwanza anaweza kuwa na njia nyingi zaidi za kukopa kuliko meneja wa benki anayemhudumia.

Kwa hiyo swali lenye maana kwa wengi si "niwe na kadi ngapi?" bali "niwe na njia ngapi za kukopa zilizo wazi kwa wakati mmoja?"

Fresno hadi Kirumba

Mkopo usioombwa hauna asili yake katika simu. Mwaka 1958, Bank of America iliwapelekea wakazi wapatao 60,000 wa mji wa Fresno, California, kadi ambazo hawakuwa wameziomba, tayari kwa matumizi. Kadi hiyo, BankAmericard, ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Benki ilipata wateja wengi, na ilipata pia wadaiwa sugu wengi kuliko ilivyotarajia.

Afrika Mashariki iliruka hatua hiyo. Nchini Kenya, M-Shwari ilianza Novemba 2012 na Fuliza ikafuata Januari 2019. Tanzania ilipata M-Pawa mwaka 2014. Katika huduma hizi mteja hajazi fomu ndefu wala hakutani na ofisa mikopo. Mfumo hutazama jinsi anavyotumia simu na fedha zake, kisha humpangia kiwango. Akilipa mapema, kiwango hupanda.

Hapo ndipo wengi hukosea. Kiwango kinapopanda kutoka Sh 20,000 hadi Sh 80,000, mteja huona kama ameongezewa kipato. Aliyeongezewa ni mkopeshaji, ambaye sasa ana nafasi kubwa zaidi ya kuuza mkopo. Kipato cha mteja kipo palepale.

Tarehe kabla ya idadi

Kabla ya kuhesabu kadi au laini, mkopaji anapaswa kutazama tarehe. Deni lolote lina siku ya kulipwa, na mapato yoyote yana siku ya kuingia. Pale siku hizo mbili zinapopishana ndipo mkopo wa pili unapozaliwa ili kulipa wa kwanza.

Kwa mwalimu au muuguzi, jambo hili ni jepesi kiasi. Mshahara huingia mara moja kwa mwezi, hivyo mkopo wenye rejesho la mwezi humfaa, ilhali ule wa siku 14 humtaka alipe katikati ya mwezi, wakati mfuko umekauka.

Kwa anayeishi kwa ziwa hali ni tofauti kabisa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga wa taa. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wa taa hauna nguvu tena, na kwa takriban wiki moja hadi siku kumi za kila mwezi mitumbwi mingi ya dagaa hupumzika. Katika siku hizo mvuvi haingizi kitu, mwanikaji hana cha kuanika, na mchuuzi wa Mwaloni Kirumba hutegemea shehena iliyobaki.

Sasa mchuuzi huyo amechukua mkopo wa kikundi wenye rejesho la kila wiki. Katika wiki nne za mwezi, tatu zina mauzo na moja haina. Rejesho halijui mwezi mpevu. Wiki ile ya nne hulipwa kwa mkopo wa simu. Mkopo wa simu hukatwa na fedha za mteja wa kwanza wa giza lijalo. Fedha hizo zilikuwa mtaji wa kununulia dagaa. Mtaji ukipungua, mauzo nayo hupungua. Baada ya miezi mitatu au minne mtu huyu ana madeni manne na meza tupu, na hakuna siku hata moja aliyotumia vibaya.

Msimu wa mvua huongeza ugumu. Dagaa waliokosa jua huharibika, na mara nyingi huishia kuuzwa kwa bei ya chini kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo. Mkulima wa pamba wa Kwimba, Misungwi au Magu naye ana kalenda yake, kwani fedha zake huja msimu wa ununuzi unapofunguliwa katikati ya mwaka, wala si kila Ijumaa.

Mkopaji mwenye busara huandika katika daftari safu mbili: siku fedha zinapoingia na siku zinapotakiwa kutoka. Idadi ya njia za kukopa anazozimudu ni ile ambayo marejesho yake yote yanaangukia baada ya siku za kuingiza, hata katika mwezi mbaya. Kwa wengi wenye mapato ya aina hii jibu ni moja. Kwa baadhi ni sifuri, na hilo nalo ni jibu halali.

Deni lisiloitwa deni

Katika kuhesabu, yapo madeni ambayo watu huyasahau kwa kuwa hayana karatasi.

La kwanza ni la wakala wa samaki. Katika visiwa na mialo mingi ya ziwa, mvuvi wa sangara hupewa nyavu, injini au mafuta kwa sharti la kumuuzia aliyempa. Riba haitajwi popote. Imefichwa katika bei ya kilo, ambayo huwa chini ya ile ambayo mvuvi asiyedaiwa angeipata. Huo ni mkopo, na huenda ukawa ghali kuliko yote, ila ni vigumu kuujua kwa sababu hakuna anayeuandikia hesabu.

La pili ni udhamini. Aliyeweka sahihi kumdhamini mwenzake katika SACCOS, au aliye katika kikundi ambacho wanachama hudhaminiana, anabeba deni hilo siku mwenzake atakapokimbilia Ukerewe au Geita na simu kuzimwa. Lihesabiwe kama kadi moja.

La tatu ni kadi ya mtu mwingine. Wapo wanaomwazima ndugu laini yao ili akope, kwa kuwa ya kwake imefungiwa. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Deni litabaki kwa mwenye namba, si kwa shemeji aliyekunywa nalo soda.

Moja, mbili, au zaidi

Kwa mwenye kipato cha kila mwezi ambaye benki imemkubalia kadi ya mkopo, kadi moja humtosha kwa mahitaji ya kawaida. Ina faida zake za kweli. Humsaidia anaponunua vitu kwa intaneti, anapoweka nafasi ya hoteli nje ya nchi, au anapokumbwa na gharama ya ghafla ya hospitali siku tano kabla ya mshahara. Vilevile, ikiibwa, fedha zinazopotea kwa siku ile si akiba yake yote.

Kadi ya pili ina sababu moja inayokubalika: iwe na kazi ambayo ya kwanza haiwezi kuifanya. Mfanyabiashara wa Makoroboi anayesafiri kwenda Dubai au Guangzhou kuleta mzigo ana haki ya kubeba kadi mbili za mitandao tofauti, kwani moja ikikataliwa au kumezwa na mashine hatakwama ugenini. Mwingine hutenganisha kadi ya biashara na ya nyumbani ili hesabu zisichanganyike. Hizo ni sababu za kutosha.

"Ya kwanza imejaa" si sababu. Hiyo ni taarifa kwamba mkopaji amefika mwisho wa uwezo wake.

Kuhusu ya tatu, ni nadra kupata mkazi wa kawaida wa Mwanza anayeihitaji. Kila kadi ina ada ya mwaka, namba ya siri ya kukumbuka, tarehe ya kulipa na mlango mmoja zaidi kwa mwizi. Ushauri unaosambaa mitandaoni kwamba mtu awe na kadi tatu au nne ili ajijengee sifa ya kukopesheka umetoka Marekani, ambako alama za mkopaji hukokotolewa pia kwa kulinganisha deni na jumla ya viwango alivyopewa. Anayeuiga hapa hulipa ada bila kuwa na hakika ya faida hiyo.

Kwa mikopo ya simu kanuni iwe ileile. Laini tatu zaweza kuwa na maana kwa mawasiliano, lakini kukopa kufanyike katika laini moja tu, na isiwe ile inayopokelea fedha za wateja. Sababu ni ya kivitendo. Mfumo hukata deni mara fedha zinapoingia, bila kuuliza zilikuwa za nini. Mchuuzi anayetumiwa Sh 200,000 na mteja wa Bunda ili ampelekee mzigo anaweza kukuta Sh 60,000 zimekwisha kukatwa, na mzigo wa watu bado haujanunuliwa.

Hesabu ya kujilipia kidogo kidogo

Hakuna kinachowaponza wenye kadi kama kile kinachoitwa malipo ya chini, yaani kiasi kidogo ambacho benki hukubali kupokea ili mteja asihesabiwe kuwa ameshindwa kulipa.

Chukulia mtu anadaiwa Sh 1,000,000 katika kadi yenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na malipo ya chini ni asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza hulipa Sh 50,000, ambapo Sh 30,000 huenda kwenye riba na Sh 20,000 tu hupunguza deni. Akiendelea hivyo kwa miezi 12 bila kununua kitu kingine, atakuwa amelipa takriban Sh 538,000, na bado atadaiwa kama Sh 785,000. Nusu milioni na ushei imetoka mfukoni, deni limeshuka kwa Sh 215,000.

Kutoa fedha taslimu kwa kadi ya mkopo kwenye ATM ni ghali zaidi. Aghalabu kuna ada papo hapo, na riba huanza siku ileile bila kipindi cha msamaha. Mwenye kuhitaji fedha taslimu atumie kadi ya kutolea fedha zake mwenyewe.

Mikopo ya muda maalumu nayo ina mtego wake, nao ni namna riba inavyokokotolewa. Sh 1,000,000 kwa miezi sita kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, ikiwa riba inahesabiwa kwa deni la awali hadi mwisho, ni riba ya Sh 210,000. Ikihesabiwa kwa deni linalopungua, riba ni kama Sh 126,000. Asilimia ni ileile, tofauti ni Sh 84,000. Kwa hiyo mkopaji aulize jumla atakayolipa kwa shilingi, na aandikiwe.

Mkopo mdogo wa simu nao upimwe kwa mwaka. Ada ya asilimia 10 kwa siku 14 haionekani kubwa: Sh 10,000 kwa Sh 100,000. Anayeukopa upya kila unapoisha, kutwa nzima ya mwaka, hukopa mara 26 na kulipa ada ya Sh 260,000 kwa laki moja ileile.

Nani anakopesha

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne: benki na taasisi zinazopokea amana, wakopeshaji wasiopokea amana, SACCOS, na vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha, vikiwamo VICOBA. Daraja la pili, ambalo wamo wakopeshaji wengi wa mitaani na wa programu tumizi, lina leseni ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT), ambayo iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa daraja hilo.

Wanaokopesha nje ya utaratibu huo ndio umma uliowabatiza jina la "kausha damu". Mwaka 2024 BoT ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Baadhi ya wakopeshaji wa aina hii walijulikana kwa kuchukua orodha ya majina yaliyomo katika simu ya mkopaji na kuwatumia ndugu, jirani na mwajiri ujumbe wa kumfedhehesha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa aliyetendewa hivyo mahali pa kulalamika, yaani Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuna pia mtindo wa mkopeshaji kushikilia kadi ya benki ya mtumishi au mstaafu pamoja na namba yake ya siri, na kwenda mwenyewe kwenye mashine siku ya mshahara. Kumpa mtu mwingine namba ya siri ni kuvunja makubaliano na benki, na fedha zikipotea mteja hana pa kushika. Mkopeshaji anayeomba kadi na namba ya siri akataliwe, hata kama fedha zipo mezani zimehesabiwa.

Zipo njia za nafuu zaidi ambazo husahaulika. SACCOS nyingi hukopesha kwa kuzingatia akiba ya mwanachama. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, haina riba. Ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Maombi hupitia kwa maofisa maendeleo ya jamii wa Jiji la Mwanza au Manispaa ya Ilemela, kutegemea kikundi kilipo. Ni kweli kwamba huchukua muda, na muda ndicho kitu ambacho kausha damu huuza.

Kumbukumbu za mkopaji

Mwaka 2013 taasisi mbili nchini zilipata leseni ya kuchakata taarifa za wakopaji, Creditinfo na Dun & Bradstreet. Benki hupeleka huko taarifa za waliolipa vizuri na za walioshindwa, na huzitazama kabla ya kutoa mkopo mpya. Deni la kadi lililosahaulika kwa miaka miwili laweza kumkosesha mtu mkopo wa nyumba. Mkopaji anaweza kuomba taarifa yake, na akikuta kosa adai lirekebishwe.

Kutokana na hilo, kadi isiyotumika ifungwe rasmi. Kuikata kwa mkasi hakutoshi, kwa kuwa ada ya mwaka huendelea kuandikwa katika hesabu. Mteja alipe salio lote, aandike barua ya kufunga, na apewe uthibitisho wa maandishi kwamba hadaiwi.

Aliyekwisha kuzidiwa

Kwa aliye na madeni manne tayari, hatua ya kwanza ni kuacha kufungua la tano. Kisha aandike yote, pamoja na udhamini na la wakala, akiweka kiasi, riba na tarehe ya kila moja. La riba kubwa kuliko yote lilipwe kwa nguvu zaidi, mengine yakipata rejesho la kawaida tu.

Mkopeshaji mwenye leseni afuatwe kabla tarehe haijapita, si baada. Benki na SACCOS zina uwezo wa kupanga upya marejesho, kwa mfano kutoka kila wiki kwenda kila mwezi, na kwa mchuuzi wa dagaa badiliko hilo pekee laweza kuwa na uzito kuliko kupunguziwa riba. Kwa watumishi wa umma, makato hayapaswi kumwacha mtu na chini ya theluthi moja ya mshahara. Aliye chini ya hapo aanze na ofisa utumishi wake.

Lalamiko dhidi ya benki au kampuni yenye leseni hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na nakala kubaki kwa mteja. Asiporidhika, hulipeleka Benki Kuu, ambayo ina tawi jijini Mwanza. Aende na mkataba, risiti za marejesho na ujumbe wote wa simu ambao hajaufuta.